Kutoka Mfuko wa Rambo hadi Jalada la Mahakama: Mwongozo wa Msaada wa Kisheria kwa Mwanamke wa Tanzania na kwa Wakili Anayemsimamia

Miaka michache kabla mifuko ya plastiki haijapigwa marufuku mwaka 2019, mama mmoja aliingia katika kituo cha msaada wa kisheria nilikokuwa nikijitolea, akiwa amebeba mfuko wa rambo uliofungwa fundo mdomoni. Ndani yake mlikuwa na ndoa nzima ya miaka kumi na minne: cheti cha ndoa kilichokunjwa mara nne hadi mikunjo ikaanza kutoboka, picha za msingi wa nyumba, daftari la kikundi cha kukopeshana, na lundo la risiti za mabati, saruji na nondo. Nilipozitandaza mezani, zaidi ya nusu ya risiti zile zilikuwa karatasi nyeupe tupu. Zilikuwa risiti za mashine za EFD, ambazo huchapwa kwa joto juu ya karatasi laini, na maandishi yake hufifia kadiri siku zinavyopita, hasa zikikaa mahali penye joto. Mama yule alikuwa ametunza kwa uaminifu ushahidi uliojifuta wenyewe kabatini.

Nimeanza na mfuko ule kwa sababu wanawake wengi wanaokuja kutafuta msaada huamini kwamba kinachowakosesha haki ni kukosa fedha za kumlipa wakili. Fedha ni tatizo, sibishi. Hata hivyo huduma ya kisheria isiyo na malipo ipo Tanzania, tena kwa mujibu wa sheria, na mashauri mengi niliyoyaona yakianguka yaliangushwa na karatasi iliyokosekana, karatasi iliyochelewa, au mlango uliobishwa kabla ya ule uliotakiwa kubishwa kwanza. Mwongozo huu unahusu zaidi Tanzania Bara, kwa kuwa Zanzibar ina sheria na mahakama zake, na umejikita katika mali ya ndoa na mirathi, kwani huko ndiko wanawake wengi hupotezea jasho lao. Sehemu ya mwisho ni ya wakili mwanamke anayeanza kazi na kukabidhiwa mfuko kama ule.

Jalada lianze nyumbani

Kabla hujaenda popote, nunua faili gumu, lile la bei ndogo linalouzwa katika maduka ya steshenari, na uanze kupanga. Weka cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kitambulisho chako cha taifa, na karatasi yoyote ya ardhi uliyonayo, iwe hati miliki, leseni ya makazi, au mkataba wa mauziano ulioandikwa mbele ya mwenyekiti wa mtaa na mashahidi. Toa nakala ya kila kitu. Risiti ya EFD itolewe nakala siku hiyo hiyo unaponunua, na nakala hiyo iandikwe kwa kalamu pembeni: bidhaa hii ilikuwa ya chumba gani, na fedha yake ilitoka wapi.

Ushahidi wa simu unahitaji uangalifu wa pekee, kwa kuwa leo sehemu kubwa ya fedha za familia hupita kwenye simu. Ujumbe wa muamala unaweza kufutika, na simu inaweza kupotea au kuvunjwa wakati wa ugomvi, kwa hiyo ni vyema kwenda mapema kwenye ofisi ya kampuni ya simu ukiwa na kitambulisho na kuomba taarifa ya miamala ya laini yako kwa kipindi unachokihitaji. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ushahidi wa namna hii kupokelewa mahakamani, lakini anayeutoa hutakiwa kueleza umepatikanaje na umetunzwaje hadi siku ya kuutoa. Picha ya skrini iliyokatwa juu na chini, isiyoonyesha tarehe wala namba ya mtumaji, humpa mpinzani wako pingamizi la bure.

Baada ya hapo chukua karatasi moja na uandike mfululizo wa matukio kwa tarehe. Hapa ndipo wengi hukwama, maana uchungu hutangulia mbele ya habari. Sentensi kama "nimehangaika naye miaka yote hii na leo ananifukuza kama mbwa" ni ya kweli na inauma, lakini hakimu hawezi kuigawia mali. Andika hivi: "Mwezi Juni 2012 nilichukua mkopo wa kikundi wa shilingi 800,000, tukanunua tofali za vyumba viwili vya nyuma. Mhazini wa kikundi analo daftari. Fundi aliyejenga bado anaishi mtaa wa pili." Kila mstari uwe na tarehe, jambo lililofanyika, na mtu au karatasi inayothibitisha. Ukimaliza ukurasa mmoja wa namna hiyo, umemwokolea wakili wako saa nzima ya kuuliza maswali, nawe umejiokolea aibu ya kusahau ukiwa kizimbani.

Iwapo nyumbani hakuna usalama, jalada lisikae nyumbani. Lipeleke kwa dada, kwa mama mkubwa, au kwa rafiki ambaye mwenzi wako hana mazoea ya kwenda kwake.

Kwa nini mchango wako lazima uonekane

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 114, inaipa mahakama mamlaka ya kugawa mali iliyochumwa na wanandoa kwa juhudi za pamoja pale inapotoa talaka au amri ya kutengana. Katika kugawa, mahakama hutazama mila za jamii ya wahusika, kiwango cha mchango wa kila mmoja wa fedha, mali au kazi, madeni yaliyoingiwa kwa manufaa ya wote, na mahitaji ya watoto, kisha hutakiwa kuelemea kwenye usawa. Kwa miaka mingi palikuwa na ubishi kama kupika, kufua na kulea watoto ni mchango. Mahakama ya Rufani ilimaliza ubishi huo mwaka 1983 katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, kwa kutamka kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kuchuma mali ya familia.

Shauri hilo hutajwa katika kila semina ya haki za wanawake, lakini nusu yake ya pili husimuliwa kwa nadra. Bi Hawa mwenyewe hakupata mgawo, kwa sababu Mahakama iliridhika kwamba fedha alizokabidhiwa na mumewe kwa ajili ya maendeleo ya familia hakuzitumia ipasavyo. Aliwashindia wengine kanuni, yeye akatoka mikono mitupu. Hukumu za miaka ya karibuni nazo zimeendelea kusisitiza kwamba kiwango cha mchango ni suala la ushahidi, na kwamba kusema tu "nilikuwa mke wake" hakutoshi kuifahamisha mahakama ni sehemu gani ya nyumba iliyotokana na jasho lako. Kwa hiyo mwanamke aliyekaa nyumbani asiogope kudai, ila aje na mashahidi wa kazi hiyo: jirani aliyemwona akisimamia mafundi na kubeba maji ya kuchanganyia zege, au mwalimu anayejua nani alikuwa akihudhuria vikao vya shule.

Jambo la pili la kulijua mapema ni kuhusu jina. Kwa kifungu cha 60 cha sheria hiyo, mali iliyoandikwa jina la mwanandoa mmoja huchukuliwa kuwa ni yake mpaka mwingine athibitishe vinginevyo, na iliyoandikwa majina yote mawili huchukuliwa kuwa ni ya wote kwa usawa. Mnaponunua kiwanja mkiwa bado mnapendana, kuongeza jina lako katika mkataba hakugharimu chochote zaidi ya ujasiri wa kulisema jambo hilo mezani.

La tatu ni la dharura. Ukisikia fununu kwamba nyumba mnayoishi inauzwa au inawekwa rehani bila wewe kuulizwa, usikae kusubiri dalali aje na wateja. Kifungu cha 59 kinamzuia mwanandoa kuuza, kupangisha au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na kinayatambua maslahi yako kuwa yanaweza kulindwa kwa kuweka zuio katika daftari la Msajili wa Hati. Nyumba isiyo na hati ni ngumu zaidi kuilinda, lakini barua ya taarifa kwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wa kata, iliyogongwa muhuri wa kupokelewa katika nakala yako, imewahi kuwazuia wanunuzi wengi kusema baadaye kwamba hawakujua.

Milango ya kubisha

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imeweka utaratibu wa watoa huduma kusajiliwa na kusimamiwa na Msajili aliye chini ya wizara inayohusika na katiba na sheria. Imewatambua pia wasaidizi wa kisheria, ambao wengi huwajua kwa jina la paraligo. Hawa ndio wa kuwaona kwanza kwa aliye mbali na mji, kwa sababu wanaishi katika kata yako na wanajua lugha na mila za hapo. Wanaweza kukueleza sheria, kukuelekeza chombo sahihi, kukusaidia kuandaa nyaraka na kusaidia mazungumzo ya usuluhishi. Hawawezi kusimama mahakamani kama mawakili, na hawaruhusiwi kukutoza ada. Ukiwa hujui aliko msaidizi wa kisheria wa eneo lako, muulize afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri. Tangu mwaka 2023 kuna pia Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, ambayo hupeleka wanasheria hadi vijijini. Ni nafasi nzuri ya kupata ushauri wa awali, ingawa shauri refu lahitaji mtu atakayebaki nawe baada ya mahema kuondolewa.

Mijini kuna mashirika yenye uzoefu wa miongo. Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania, kinachojulikana zaidi kwa kifupi cha TAWLA, kiliundwa mwaka 1989 na hutoa huduma Dar es Salaam, Arusha, Dodoma na Tanga. Kituo cha Msaada wa Kisheria kwa Wanawake, yaani WLAC, kilichochipuka mwaka huo huo ndani ya shirika la SUWATA, kipo Dar es Salaam na kimefundisha wasaidizi wa kisheria mikoani. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu nacho hupokea wateja wasio na uwezo, na Shule ya Sheria ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina kamati ya msaada wa kisheria. Zanzibar, yenye sheria yake ya msaada wa kisheria ya mwaka 2018, ina Jumuiya ya Wanasheria Wanawake ya ZAFELA. Aliyeolewa ng'ambo ya mpaka wa Namanga au Horohoro, na ambaye mali yake iko Kenya, atafute FIDA Kenya, chama cha mawakili wanawake kilichoanzishwa mwaka 1985, kwa kuwa wakili wa Tanzania hana leseni ya kusimama katika mahakama za kule.

Siku ya kwanza utaulizwa kuhusu kipato chako, kwa sababu huduma hii imekusudiwa asiye na uwezo. Jibu kwa ukweli, na beba barua ya mtendaji wa mtaa au kijiji kama unayo. Fika asubuhi, kwa kuwa vituo vingi hupokea wateja wapya kwa siku maalumu na kwa idadi. Uliza pia kuhusu ada za mahakama, maana sheria inatoa nafasi kwa asiye na uwezo kuomba asamehewe, na nafasi hiyo isipoombwa haiji yenyewe.

Kuna watu wa kuwakwepa. Nje ya mahakama nyingi huzunguka vishoka wenye suti na mikoba, wanaojiita mawakili na kuomba fedha ya "kufungua faili". Mahakama ya Tanzania ina mfumo wa e-Wakili mtandaoni ambamo mtu yeyote anaweza kuandika jina la wakili na kuona kama yupo katika orodha na kama leseni yake iko hai. Ni kazi ya dakika moja kwa mwenye simu janja, na mwenye simu ya kitochi aombe kijana amsaidie. Na yeyote atakayekwambia, kwa maneno au kwa mafumbo, kwamba shauri lako litakwenda vizuri ukikutana naye faragha, huyo anatenda kosa la jinai. Rushwa ya ngono imekatazwa na kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na TAKUKURU hupokea taarifa kwa namba ya bure 113. Hifadhi ujumbe wake. Usiufute kwa aibu.

Baraza kwanza, mahakama baadaye

Katika shauri la talaka, mlango wa kwanza ni baraza la usuluhishi wa ndoa. Sheria ya Ndoa hairuhusu kufungua shauri la talaka kabla ya mgogoro kupelekwa katika baraza, na baraza kuthibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Yapo mazingira yanayosamehewa, kwa mfano mwenzi aliyekutelekeza na asiyejulikana alipo, au mahakama ikiridhika kwamba hali si ya kawaida kiasi kwamba kwenda barazani hakuwezekani. Baraza laweza kuwa la kata, au la jumuiya ya dini lililotambuliwa kwa kazi hiyo, kama yale ya BAKWATA na ya baadhi ya makanisa. Kikao cha wazee wa ukoo, hata kikiwa na busara ya namna gani na hata kikiandika muhtasari wa kurasa kumi, si baraza la usuluhishi wa ndoa.

Unapotoka barazani, unachotakiwa kushika mkononi ni hati ya baraza, ambayo ina fomu yake maalumu, Fomu Namba 3. Isome kabla hujaondoka. Angalia majina yenu yote mawili kama yameandikwa kama yalivyo katika cheti cha ndoa, kama inasema wazi kwamba baraza liliwasikiliza na kushindwa kuwapatanisha, na kama ina sahihi, tarehe na muhuri. Mabaraza mengine hutoa barua ya mistari mitatu yenye maneno "mnaruhusiwa kwenda mahakamani", na mwanamke huondoka akishukuru. Mahakama ya Rufani imewahi kufuta mwenendo mzima wa shauri la ndoa, pamoja na hukumu zilizokwisha kutolewa ngazi za chini, kwa sababu hati hiyo haikuwepo. Hebu fikiria miaka ya nauli, ya kuomba ruhusa kazini na ya kuacha genge bila mtu, yote ikarudi sifuri kwa karatasi moja. Kumbuka vilevile kwamba hati hiyo lazima iwe imetolewa ndani ya miezi sita kabla ya kufungua shauri. Ukikaa nayo kwa kuhurumia ndoa hadi mwezi wa saba, itabidi urudi barazani.

Katika maombi yenyewe, omba kila unachokitaka. Wanawake wengi huomba talaka peke yake, wakidhani mgawo wa mali na malezi ya watoto vitafuata kama mkia. Taja talaka, mgawo wa mali ukiorodhesha kila mali na mahali ilipo, matunzo, na watoto wakae na nani. Kama hamkufunga ndoa lakini mmeishi pamoja kwa miaka miwili au zaidi na jamii ikawajua kama mume na mke, kifungu cha 160 kinakupa nafasi ya kuomba mahakama igawe mlichochuma, kwa hiyo asikutishe mtu kwa kukuita kimada.

Mahakama ya Mwanzo iko karibu, ada zake ni nafuu, na shughuli zake huendeshwa kwa Kiswahili. Kwa muda mrefu mawakili hawakuruhusiwa kuingia humo. Sasa wanaruhusiwa pale inapoongozwa na hakimu mkazi. Sheria za mwaka 2021 zimekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama hadi ngazi za juu, na hilo lina maana kwamba una haki ya kuelewa kila kinachosemwa juu ya maisha yako. Hukumu ikitoka, omba nakala siku hiyo hiyo kwa maandishi, hata kama umeshinda. Muda wa rufaa katika mashauri ya ndoa ni siku 45, na katika mashauri mengine yanayoanzia Mahakama ya Mwanzo ni siku 30, na siku hizo huisha haraka kuliko unavyodhani.

Mirathi

Mjane anapokuwa bado eda au bado ndani ya arobaini, mara nyingi ndugu wa marehemu wamekwisha kukaa kikao na kumteua msimamizi. Uteuzi wa ukoo ni pendekezo tu. Anayempa msimamizi mamlaka ni mahakama, na mjane ana haki ya kuomba usimamizi mwenyewe au kumpinga aliyependekezwa. Shauri hufunguliwa mahali marehemu alipokuwa na makazi yake ya mwisho. Andaa cheti cha kifo kutoka RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, orodha ya warithi wote wakiwemo watoto wa nje ya ndoa, na orodha ya mali. Katika orodha hiyo tenganisha tangu mwanzo mali iliyo yako mwenyewe na ile mliyochuma pamoja, kwa kuwa kinachorithiwa ni mali ya marehemu, na ukikaa kimya shamba ulilonunua kwa fedha zako litagawiwa pamoja na shati lake.

Kama msimamizi ni mtu mwingine, mfuatilie kwa karatasi. Katika Mahakama ya Mwanzo anatakiwa kuwasilisha orodha ya mali na madeni katika Fomu Namba 5 ndani ya miezi minne, kisha hesabu za ugawaji katika Fomu Namba 6. Asipofanya hivyo, andika barua ya malalamiko kwa hakimu na uombe aitwe ajieleze. Ikibidi, uombe usimamizi wake utenguliwe.

Ubaguzi katika mirathi ya kimila bado ni jeraha. Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963 lina kanuni zinazomnyima mjane urithi, na wajane wawili wa Shinyanga, wakisaidiwa na WLAC, walizipinga hadi Mahakama Kuu, ambayo mwaka 2006 ilikubali kwamba ni za kibaguzi lakini ikasita kuzifuta. Rufaa yao ilitupwa mwaka 2010 kwa kasoro ya nyaraka. Wakalipeleka jambo hilo Umoja wa Mataifa, na mwaka 2015 Kamati inayosimamia mkataba wa kufuta ubaguzi dhidi ya wanawake ikasema Tanzania ilikiuka haki zao. Aliye na mume hai na anayezungumzika amshawishi aandike wosia, ambao unaweza kutunzwa RITA. Najua mazungumzo hayo huonekana kama uchuro. Yafanyeni hivyo hivyo.

Matunzo na ukatili, kwa kifupi

Matunzo ya mtoto hudaiwa chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kwa kuanzia kwa afisa ustawi wa jamii kisha Mahakama ya Watoto, na hayategemei kama wazazi walifunga ndoa. Aliyepigwa au kubakwa aende Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi na apewe PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, au afike katika Kituo cha Mkono kwa Mkono hospitalini, ambako daktari, polisi na ustawi wa jamii hupatikana mahali pamoja. Aliyebakwa asioge wala kufua nguo alizovaa kabla ya kupimwa. Kwa mtoto aliye hatarini, namba 116 hupigwa bure.

Kwako wakili unayeanza

Dada, ukiwa umemaliza Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo na umeapishwa mbele ya Jaji Mkuu, utagundua haraka kwamba joho haliji na wateja. Wanaume wa rika lako watapewa mashauri ya benki na ya makampuni kwa kujuana kwenye meza za jioni, nawe utaletewa ya matunzo na talaka kwa hoja kwamba "haya unayaweza". Pokea mashauri hayo, uyajue barabara, lakini usikubali yawe ukuta. Julie Manning, mwanamke wa kwanza kuwa Jaji wa Mahakama Kuu ya Tanzania, alikuja kuwa Waziri wa Sheria mwaka 1975. Eusebia Munuo alikuwa wa kwanza kufika Mahakama ya Rufani, na baadaye aliongoza chama cha kimataifa cha majaji wanawake. Chama cha Majaji Wanawake Tanzania, TAWJA, kilichoundwa mwaka 2000, kimefanya kazi kubwa kuhusu rushwa ya ngono, nawe ukikutana nayo katika ofisi au korido usifikiri ni jambo la wateja tu.

Uanachama wa Chama cha Mawakili wa Tanganyika ni wa lazima kwako. Wa TAWLA ni wa hiari, na mimi ningeuchukua mwaka wa kwanza. Hapo utawapata mawakili waliokutangulia wa kukusomea rasimu, na utapewa mashauri ya kujitolea ambayo yatakufikisha Mahakama Kuu mapema kuliko ofisi yoyote itakavyokuruhusu. Chama cha Wanasheria cha Afrika Mashariki, chenye makao Arusha, ni mlango wa wenzako wa Kampala, Kigali na Nairobi. Kwa utafiti, tovuti ya TanzLII ina hukumu na sheria bila malipo, na hakuna udhuru wa kunukuu uamuzi ambao hujausoma hadi mwisho, kama wengi wanavyomnukuu Bi Hawa.

Ukiwa umeajiriwa, soma mkataba wako kama unavyosoma wa mteja. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, au 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja, na muda wa kunyonyesha usiozidi saa mbili kwa siku. Nimewaona mawakili hodari wakidai haki hizo kwa wafanyakazi wa viwandani huku wao wenyewe wakirudi ofisini baada ya wiki tano, wakikamua maziwa chooni. Anayeachishwa kazi isivyo haki ana siku 30 za kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, wakili akiwemo.

Na mteja wako wa msaada wa kisheria mhudumie kama anayelipa. Msikilize kwanza bila kuandika, kwa dakika kumi, kisha umwombe arudie nawe uandike kwa tarehe. Mweleze kwa Kiswahili kila karatasi kabla hajaiwekea sahihi au dole gumba. Usimwahidi ushindi. Usimpigie simu nyumbani kabla hujamuuliza ni nani hupokea. Kagua Fomu Namba 3 kabla ya kukagua kingine chochote, na hesabu miezi sita yake kwa vidole. Karatasi halisi zitoe nakala mbele yake, umwandikie orodha ya ulizobaki nazo, muweke sahihi wote wawili, na siku shauri linapofungwa umrudishie zote katika faili jipya, moja baada ya nyingine, akizihesabu mwenyewe.